Kuku wa Livia na Vibaka wa Pompeii

Mwita: Karibu tena, msikilizaji. Leo sina mgeni wa mbali. Zuhura, mwenzangu wa maikrofoni hii, amerudi kutoka Roma alikokuwa akisoma historia ya sanaa. Dada, tuanzie Koloseo, ule uwanja wa kale wa mapigano?

Zuhura: Aa, Koloseo kila mtu ameshaiona kwenye simu. Karibu na Termini, stesheni kuu ya treni, kuna makumbusho yanaitwa Palazzo Massimo. Unapanda ghorofani, unaingia chumba ambacho kuta zote nne ni bustani.

Mwita: Ya kuchora.

Zuhura: Ya kuchora, tangu miaka ya 30 hadi 20 KK hivi. Ilikuwa nyumbani kwa Livia, mke wa Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma, huko Prima Porta, nje kidogo ya mji. Chumba chenyewe kilikuwa nusu chini ya ardhi, pa kukimbilia joto. Kilifukuliwa 1863, halafu 1951 na 1952 michoro ikabanduliwa na kuhamishiwa mjini.

Mwita: Ukiingia macho yanakutana na nini?

Zuhura: Kwanza uzio mfupi wa matete. Nyuma yake ukuta mdogo, na juu ya ukuta tundu la kufugia, ndege yumo ndani. Kisha makomamanga yaliyoiva, waridi, misonobari, mivinje, na ndege kibao wako huru matawini. Sasa mtu wa shamba akikaa dakika mbili lazima aulize: maua ya mwezi wa nne na matunda ya mwezi wa kumi yamekutana wapi?

Mwita: Au mchoraji alikuwa mtu wa mjini.

Zuhura: Wapi! Majani kayachora sawasawa, mpaka wataalamu wa mimea wametambua aina zaidi ya 20. Alijua anachofanya. Mimi naisoma ile kama siasa: Augusto kashika nchi, basi kila kitu kinachanua na kuzaa kwa pamoja. Na humo ndani hakuna mtu hata mmoja. Wala wa kumwagilia.

Mwita: Wa kumwagilia walikuwa watumwa, hao nani awachore.

Zuhura: Ndiyo hivyo. Sasa sikia habari ya kuku. Suetonius, aliyeandika maisha ya makaisari, anasimulia kwamba tai alimdondoshea Livia mapajani kuku mweupe, mdomoni ana tawi la mlaureli. Livia akamfuga kuku, tawi akalipanda. Kuku wakazaana mpaka nyumba ikaitwa kwa jina lao. Mlaureli ukawa kichaka, na makaisari wakawa wanakata matawi yake kwa ajili ya maandamano ya ushindi. Mwaka wa mwisho wa Nero, kichaka kizima kikakauka na kuku wote wakafa.

Mwita: Kideri hicho!

Zuhura: *(anacheka)* Kideri cha kisiasa. Nero ndiye aliyekuwa kaisari wa mwisho wa ukoo ule. Na ukifika Ara Pacis, ile madhabahu ya amani iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK, mambo ni yaleyale. Watalii wote wanapiga picha familia ya Augusto ikiandamana juu. We inama. Chini kumechongwa majani matupu, na humo kwenye majani kuna chura, kuna mjusi, na kuna nyoka anakinyemelea kiota cha makinda. Yule aliyechonga namheshimu sana.

Mwita: Haya, mpaka sasa ni Kaisari na mkewe tu. Mwananchi wa kawaida nimtafute wapi?

Zuhura: Pompeii, kusini mwa Italia, ukutani. Mji ulifukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, na kuta zake zimekutwa na matangazo ya uchaguzi zaidi ya 2,000, mengi kwa herufi nyekundu. Kila mwaka walichagua viongozi wa mji. Wauza matunda wanamnadi mtu wao, waswaga nyumbu wa kwao. Wanawake kura hawakuwa nayo, lakini wahudumu wa baa ya Asellina majina yao yapo, wanawapigia debe wagombea.

Mwita: Na kuchafuana?

Zuhura: Tena kwa ustadi. Kuna bwana Cerrinius Vatia, anagombea usimamizi wa barabara na masoko. Tangazo moja linasema walevi wa usiku wa manane wote wanamtaka. Jingine, wanaolala wote. Jingine, vibaka.

Mwita: Hapo wapinzani wamemmaliza!

Zuhura: Wengi wanasema hivyo. Mimi nahisi labda ni rafiki zake wanamtania. Ila ninayempenda kuliko wote ni mwandikaji. Mmoja, Aemilius Celer, ameweka jina lake na kusema ameandika peke yake, kwa mbalamwezi. Kwingine mwandikaji anamwambia mshika taa ashike ngazi.

Mwita: Hawa si ndio vijana wetu wa kubandika mabango saa nane usiku, na ndoo yao ya gundi!

Zuhura: Ila wetu hawaweki jina.

Mwita: Watathubutu? Na Koloseo hutaki kabisa?

Zuhura: Kwa jambo moja tu. Mwaka 1855 daktari Mwingereza, Richard Deakin, alichapisha orodha ya mimea 420 iliyokuwa ikijiotea kwenye yale magofu. Baadaye, Roma ilipoingia kwenye Italia mpya, waakiolojia wakaing'oa. Mizizi inapasua kuta, naelewa, lakini ningetoa pesa nzuri kuiona Koloseo ile ya 1855.

Mwita: Na mwanafunzi asiye na pesa nzuri?

Zuhura: Aende Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho ya serikali huwa bure. Maji asinunue, bomba za chuma ziko mitaani zinatiririka mchana kutwa. Ataona zimechapwa SPQR, kifupi cha Kilatini cha Seneti, yaani baraza kuu la kale, na Watu wa Roma. Herufi hizohizo ziko kwenye mifuniko ya maji taka.

Mwita: Yaani Seneti imeishia huko! Msikilizaji, tukutane wiki ijayo.