Nionyesheni Dakika Moja: Mhadhara kwa Wachora Katuni wa Mombasa

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie soko la katuni, na nitafika huko muda ukiniruhusu. Kwanza nina jambo ambalo wengine wenu mshanisikia nikilisema mpaka mkachoka. Nitalisema tena, kwa sababu mafaili bado yanakuja.

Mnayajua mafaili ninayoyasema. Kijana anakuja na kabrasha nene: kipindi cha vichekesho vya katuni, sehemu 26, kila moja nusu saa, wahusika na nasaba zao, ramani ya mtaa, mpaka muundo wa fulana za kuuza. Namwambia, nionyeshe dakika moja. Hana. Namuuliza, huyu baba akikasirika anasemaje? Ananijibu kwamba hilo litaamuliwa mfadhili akipatikana. Haya, mfadhili ataleta pesa. Hasira za huyo baba atazitoa wapi?

Akina Simpson, ile familia ya katuni ya Marekani, mnawajua, sina haja ya kuwatambulisha. Ninachotaka mkitazame ni ile miaka miwili na zaidi kabla hawajawa na kipindi chao. Tarehe 19 Aprili 1987, ndani ya kipindi cha vichekesho cha Tracey Ullman, kwenye televisheni ya Fox kule Marekani, kilipita kikatuni kiitwacho "Good Night". Chote hakizidi dakika mbili, na hata hizo hawakupewa kwa mkupuo. Kilikatwa vipande, vikapachikwa katikati ya michezo ya waigizaji. Wazazi wanalaza watoto. Bart anamuuliza baba yake akili ni kitu gani hasa; baba anamjibu kwa kuchezea maneno, anazima taa, na mtoto anabaki macho. Mama anamwambia Lisa asikubali kung'atwa na kunguni, na Lisa hapohapo anaanza kuwafikiria kunguni. Maggie anaimbiwa wimbo wa kumbembeleza, ule wa tawi kukatika na susu kuanguka, naye kichanga wa watu anajiona anaanguka kweli. Mwisho watoto wote watatu wamejazana kitandani mwa wazazi wao. Basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Familia yote imo humo. Wazazi wanawapenda watoto wao, na kila neno la mapenzi linatia hofu. Hilo halikubadilika hata kipindi kilipokua. Lakini tazameni kisichokuwemo. Mji wa Springfield haumo. Bwana Burns, bosi wa baba, hayumo, Moe mwenye baa hayumo. Babu, Krusty yule mchekeshaji, na wale paka na panya wanaopigana waliingia baadaye, mmoja mmoja, katika vikatuni vilivyofuata. Na Lisa! Lisa wa vikatuni vile ni mtundu tu, nakala ya kaka yake aliyevishwa gauni. Yule Lisa wa saksafoni, mwenye hoja za mtu mzima, alipatikana hadithi ilipofika nusu saa. Mimi nasema ni kwa sababu watundu wawili wanafanya kazi ya mtu mmoja. Katika dakika mbili hilo halionekani. Katika nusu saa linakuumbua.

Hata sauti zilianzia kwa walio karibu. Dan Castellaneta na Julie Kavner walikuwa waigizaji wa kipindi hichohicho cha Ullman, wakaambiwa wawe baba na mama. Castellaneta alianza kwa kumwiga mwigizaji Walter Matthau, sauti nzito ya kukwaruza. Sehemu ziliporefuka aliona haimpi nafasi ya hisia zote, akaigeuza mpaka ikawa hii mnayoiiga nyinyi barazani. Na michoro? Matt Groening, aliyewabuni akina Simpson, alipeleka michoro ya harakaharaka akidhani wataalamu wataisafisha. Wataalamu wakaifuata vilevile ilivyo. Ndiyo maana vile vya mwanzo vina sura za kutisha.

Vikatuni 48, misimu mitatu. Mara 48 wamejaribu mbele ya watu. Na bado! Walipopewa nusu saa, sehemu ya kwanza kutengenezwa ilirudi kutoka Korea imeharibika, miili inanepa kama mpira, ikabidi karibu asilimia 70 irudiwe. Uzinduzi uliotarajiwa msimu wa vuli ukasogezwa hadi tarehe 17 Desemba 1989, wakafungua na hadithi ya Krismasi. Ile iliyoharibika ikaja kufunga msimu, Mei 1990. Watu wenye vikatuni 48 nyuma yao walipigwa mwereka na sehemu yao ya kwanza. Wewe usiye na hata kimoja unaniletea faili la 26.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: "Mwalimu, hao walikuwa na Fox, sisi tuna nini?" Mna simu. Trey Parker na Matt Stone, waliokuja kutuletea katuni ya South Park, walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Colorado mwaka 1992, wakatengeneza kikatuni: wakakata karatasi za rangi, wakazigandisha kwa gundi, wakasogeza kidogo, wakapiga picha, wakasogeza tena. Hata majina hayakuwa yametulia: yule mnene tunayemjua kama Cartman, mle anaitwa Kenny. Mwaka 1995 mkubwa mmoja wa Fox aliwalipa wamtengenezee kingine kama kadi ya Krismasi ya kuwapelekea rafiki zake. Kanda zikanakiliwa, zikanakiliwa tena, na Agosti 1997 South Park ikawa kwenye televisheni.

Na kama Colorado ni mbali, nendeni Kisauni. Kuna binti huko, leo hakuweza kuja, alichora kwa simu kikatuni cha sekunde arobaini. Mama anauza viazi karai, mteja anaomba aongezewe ukwaju. Mwishoni binti aliweka utani mrefu, aliuandika kwa jasho. Akawaonyesha jirani zake. Walicheka mapema kabisa, pale mama alipoinua kijiko, akakishikilia hewani, akamtazama mteja bila neno huku ukwaju ukichuruzika kurudi bakulini. Ule utani mrefu ulipofika, walikuwa washamaliza kucheka. Katika kikatuni cha pili binti aliukata utani wote, akaurefusha ule mtazamo. Katika cha tatu mteja ni yuleyule, na safari hii amekuja na kijiko chake mfukoni. Hilo hakuliwaza mwanzo. Limetokana na kuwatazama watu wakitazama. Sasa ana wahusika wawili ambao ukiwaweka popote, kwenye feri ya Likoni, kwenye foleni ya hospitali, unajua watafanya nini. Lile faili nene halina hata mmoja wa namna hiyo.

Mtu ataniambia kichekesho cha dakika moja hakifundishi kujenga hadithi ndefu. Kweli, hakifundishi. Kinakufundisha nani anastahili hadithi ndefu, na hilo ndilo linalotangulia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwaeleza kuhusu Seth MacFarlane, ambaye filamu yake ya chuo ya 1995 ilikuwa na baba mjinga na mbwa mwenye akili, wakaja kuwa Peter na Brian wa katuni ya televisheni Family Guy mwaka 1999. Itafuteni wenyewe. Soko nalo litangoja siku nyingine.

Lakini la hakimiliki siliachi. Groening aliitwa na James L. Brooks, mtayarishaji wa kipindi cha Ullman, kwa sababu ya katuni yake ya magazetini, Life in Hell. Akiwa pale mapokezi akatambua kwamba akiitoa hiyo, umiliki utamponyoka. Akabuni familia mpya papo hapo, akaipa majina ya watu wa kwao: baba yake Homer, mama yake, dada zake Lisa na Maggie. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu yeyote kikatuni chako, sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ukiletewa mkataba, tafuta mstari unaosema wahusika ni wa nani kipindi kikirefuka. Usipouona, rudisha karatasi uombe uandikwe, na usitie sahihi siku hiyo.