Mtoto Apelekwe kwa Bibi Akapike

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, na wengine hamjambo.

Wengi hapa mmeshanisikia nikilisema hili kwenye vikao vya wazazi, kanisani, hata misibani wakati tunachambua mchele. Nitalisema tena leo na kesho: mtoto wa Dodoma apelekwe kwa bibi yake akapike. Kula anajua tayari. Achume, aanike, atwange, apepete, akoroge, moshi umtoe machozi, mpaka mkono wake uzoee.

Najua likizo zenu zinavyokwenda. Mtoto anapakiwa kwenye basi la Kondoa au Mpwapwa, simu mkononi, biskuti kwenye begi. Bibi kwa furaha anachinja kuku na kupika wali, maana ameshaambiwa mjukuu wa mjini hali mlenda, mboga yetu ya majani inayoteleza. Likizo inaisha, mtoto anarudi kanenepa, na ukimwonyesha magadi anadhani ni jiwe la kuchezea. Jamani! Bibi huyo atatusubiri mpaka lini?

Tuuchukue mlenda wenyewe, kwa sababu kwenye mlenda ndiko kuna elimu yote ya nchi hii. Dodoma tunapata mvua kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo. Majani ya mlenda yanaota yenyewe shambani, katikati ya uwele na mtama, hayajapandwa na mtu. Wakati wa masika yamejaa tele, mpaka unayakanyaga. Ikifika Agosti huoni hata moja. Bibi zetu walilijua hilo, ndiyo maana mboga ya Agosti waliichuma mwezi wa tatu.

Na kuchuma kwenyewe kuna macho yake. Bibi hashiki kila jani. Anachukua yaliyo laini, anaacha yaliyoanza kukomaa kwa sababu yakikauka yanabaki na nyuzi, na unga wake unakwaruza koo. Kisha yanaanikwa. Zamani yalipanda juu ya paa la tembe. Vijana mliokulia kwenye bati hamjui raha ya paa la tembe: ni bapa, limekandikwa udongo, unapanda na ungo wako, unatandaza majani, kuku hawachakuri. Tulipohamia bati la mgongo tulipata nyumba isiyovuja, na mimi siidharau, lakini uwanja wa kuanikia ulipotea na hakuna aliyeuliza mboga zitakauka wapi. Sasa zinatandazwa chini kwenye kiroba, vumbi la pikipiki linapita, mbuzi anapita. Halafu mtoto anakuta mchanga kwenye mlenda na anasema chakula cha bibi ni kichafu. Mpeni bibi kichanja! Miti minne na fito, basi. Na kiwekwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A ya majani. Hilo mjukuu aliyesoma anaweza kumletea bibi yake, ndipo elimu ya darasani itakuwa imefika jikoni.

Yakikauka yanatwangwa, yanachekechwa, yanahifadhiwa pakavu. Nenda soko la Majengo, utawakuta akina mama wanapima unga wa mlenda kwa kikombe. Mwanafunzi wangu mmoja, ana shahada, aliwahi kuniuliza atajuaje upi ni mzuri. Bibi yake angemjibu bila kufungua kinywa: chukua kidogo, sugua kati ya vidole viwili, nusa. Mzuri una rangi ya kijani iliyokolea na harufu ya majani. Ukiwa wa kahawia na unanuka kama godoro, umekaa unyevuni. Acha.

Kupika sasa. Maji yachemke, tia magadi kidogo, tia karanga zilizotwangwa, zichemke mpaka harufu ya ubichi iishe. Ndipo unanyunyiza unga wa mlenda kwa mkono mmoja, kidogo kidogo, huku mkono wa pili unapekecha na upekecho. Ukimwaga wote kwa pamoja unapata madonge, na madonge hayo hayatoki hata upekeche mpaka magharibi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kabisa kunyunyiza wakati bibi anapekecha. Ile dakika ya kunyunyiza ndiyo ninayoipigania hapa mbele yenu. Mtoto anatazama sufuria, anasikia bibi akisema ongeza, ongeza, basi. Video kwenye simu haimwambii "basi" kwa wakati wake.

Atasimama mtu aseme, "Mwalimu, mlenda unateleza, watoto hawaupendi." Bamia haitelezi? Mbona hotelini mnailipia? Ugali wa uwele ni mkavu na mzito, hauteremki kirahisi kama wa sembe, na utelezi wa mlenda ndio unaouteremsha. Vilitengenezwa viwe pamoja. Mkiutoa mlenda mkauweka kando ya wali mtauonea bure.

Mwingine atasema uwele ni chakula cha njaa. Hapo nakasirika kweli. Mahindi yanakauka mvua ikikatika Februari, uwele unavumilia, kwa hiyo mwaka wa shida mtu anaukuta uwele mezani na anausingizia kuwa ndio ulioleta shida. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko sembe, ambayo tumeshaikoboa tukatupa kiini chake. Pale Hombolo kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na mtama na uwele, wataalamu wazima wanahangaika na mbegu hiyo, na sisi nyumbani tunawaambia watoto ni chakula cha maskini!

Karanga. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana mwaka 2016 watu walikufa katika mkoa huu wetu na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na karanga nazo hushikwa na sumu hiyo hiyo. Bibi akikaa na ungo anatoa karanga iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyovunjika. Mjukuu anaona ni kupoteza muda. Huko kuchambua ndiko wataalamu wanakokuhimiza leo, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Ukinunua karanga iliyokwisha kusagwa hujui kilichoingia kinuni. Kwa hiyo mtoto akae mkekani na bibi, achambue, na zile mbovu zitupwe, asipewe hata kuku.

Tena tusisahau tupo mkoa gani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga kwa mashamba makubwa. Udongo ulipokauka ukawa mgumu, majembe ya chuma yakashindwa, mvua ikawakimbia, na ilipofika 1951 mpango ukafutwa. Bibi zenu wa Kongwa wameendelea kulima karanga kwa jembe la mkono na kuwakaangia wajukuu kwenye chungu chenye mchanga moto ili zisiungue. Sijawahi kuona shule ikimwalika hata mmoja wao aje azungumze.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Vitafunwa basi, haraka. Njugu mawe zichemsheni na maganda yake, chumvi kidogo, mtoto abebe kwenye kopo aende nazo shule. Ubuyu: unga wake utiwe kwenye uji wa uwele, lakini uji ukishaepuliwa, maana moto unaua vitamini C, na vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kuchukua ile chuma ya uwele. Ukwaju nao utiwe kwenye uji. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka hapa Dodoma, na nje ya mageti ya shule zetu watoto wananunua barafu za rangi. Hilo lilihitaji mhadhara wake, nitaliacha.

Kwa ambao bibi ameshatangulia mbele ya haki, kila mtaa una bibi. Muombeni, mpelekeeni kilo ya sukari, mtoto aende Jumamosi. Na likizo ya mwezi wa sita uwele utakuwa unavunwa, hakuna wakati bora.

Mama pale nyuma ameuliza magadi kiasi gani. Kwa sufuria ya watu watano, kipande kama punje ya harage kinatosha. Yakizidi, mboga inakuwa na ladha ya sabuni na vitamini zinaharibika. Mafiga yameshawashwa hapo nje na bibi wawili wanatusubiri na upekecho wao, kwa hiyo watoto watangulie, wanawe mikono, wazazi mfuate.