Nusu Kidonge

Swali mlilonipa ni hili: mtu akianza tiba ya mazungumzo, ataacha dawa? Jibu langu fupi ni hapana, si hivi hivi tu. Jibu refu linaanzia Quebec, Kanada.

Mwaka 2004 Charles Morin na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watu 76, wenye umri mkubwa, waliokuwa wakimeza dawa za usingizi, ukoo wa diazepamu, kwa wastani wa miaka 19. Miaka 19, jamani! Kundi moja lilipunguziwa dozi taratibu kwa wiki 10, daktari akisimamia. La pili likapewa mazungumzo peke yake. La tatu likapata vyote viwili. Mwishoni, walioacha dawa kabisa walikuwa asilimia 48, 54 na 85.

Tazameni hiyo 54. Mazungumzo peke yake hayakwenda mbali. Kilichoziba pengo hadi ile 85, vyote viwili vilipokwenda pamoja, ni nini?

Mchukueni mzee anayekata kidonge kwa wembe juu ya kisosi, akameza nusu. Saa nane za usiku yuko macho, moyo unamwenda mbio. Anajiambia, "Unaona? Bila dawa siwezi." Kumbe ni mwili unadai ulichozoea, na madai hayo hupoa. Asiyeambiwa hilo, kesho yake anarudia kizima. Aliyefundishwa kwenye mazungumzo hayo huondoka kitandani, akakaa sebuleni hadi macho yawe mazito, na asubuhi huamka saa ileile hata kama kalala kidogo. Usingizi wa mchana pia marufuku; hapo ndipo wazee wangu huninunia.

Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ina hesabu nyingine. Uingereza, utafiti wa watu 424 uliochapishwa 2015 ulilinganisha waliofundishwa kutuliza na kuchunguza mawazo yao huku wakipunguza dawa, na walioendelea nazo. Ndani ya miaka miwili ugonjwa uliwarudia asilimia 44 kwa 47. Ngoma droo, lakini kwa aliyechoshwa na vidonge droo hiyo si haba.

Mama uliyeuliza kuhusu kijana wako mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra: hesabu za Quebec hazimhusu. Dawa zake asipunguze kwa sababu ameanza kuonana na mshauri nasaha. Na hata hiyo diazepamu, ukiikata ghafla baada ya miaka, unaweza kuanguka degedege. Nisubiri hapo mlangoni tukimaliza, uje na kadi yake ya kliniki.