Mzani kwanza, mionzi baadaye

Naona huko nyuma mmeshaanza kucheka, mnajua naongelea mzani, yaani kumpima uzito mgonjwa wa kansa. Ndiyo, na mwaka kesho mkiniita nitauongelea tena.

Maana mtu anatoka Mpwapwa huko na kansa ya koo, chakula hakipiti, suruali kaibana na mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari, tundu unaliona kabisa, halafu ufungue faili sehemu ya uzito hakuna kitu! Picha ya CT ipo, majibu ya kile kinyama kilichokatwa kupimwa kansa yapo, kilo hakuna. Muulize basi miezi sita nyuma alikuwa na kilo ngapi. Kama alikuwa 60 na leo ana 54 hiyo ni asilimia 10 imeondoka, huyo ana utapiamlo, mnasubiri nini?

Sasa huyohuyo ndo tunampeleka Dar kwenye mionzi ya kuua kansa, mara nyingi anapigwa mara 35, siku 5 kwa wiki, wiki 7. Ikifika wiki ya pili au ya tatu mdomo unachubuka, mate yanakauka, chakula hakina ladha, anazidi kukonda mpaka ile maski ya plastiki waliyomtengenezea imshike kichwa asicheze inampwaya, inabidi apimiwe maski upya, au anachoka anarudi zake nyumbani. Na mionzi ikikatwa katikati zile seli za kansa zilizobaki zinazaliana, uwezekano wa kupona unapungua. Halafu mtu ananiambia lishe ni mambo ya jikoni!

Mtasema, dokta, si sukari inalisha kansa? Aah, hilo limenichosha. Ndugu wanamnyima mgonjwa uji, nyama, maziwa, wanampa maji ya limao, na mdomo una vidonda! Kila seli mwilini inatumia sukari, ukimnyima kansa haifi njaa, mwili unakula misuli yake wenyewe. Mpeni uji wa uwele, tieni karanga zilizosagwa laini na mafuta ya alizeti, si tunayakamua hapahapa. Mlenda unateleza vizuri, sawa, ila mlenda mtupu haushibishi mtu, weka karanga. Akiwa anapaliwa msimlazimishe, mleteni hospitali.

Mpira wa puani wa kumlishia siyo hukumu ya kifo, unatolewa koo likipata nafuu. Aliyekaa siku nyingi bila kula msimjaze kwa siku moja, vitamini B1 kwanza, pimeni madini ya potasiamu na fosfeti kwenye damu, mnaanza kidogo kidogo. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi siyo baada, hapo nilikuwa na picha lakini mwenyekiti ananionesha saa. Haya, maswali, na la sukari sirudii.