Mipaka ya wilaya za shule vijijini Marekani ilichorwaje?

Haya jamani tuendelee, slaidi hiyo iacheni hapo hapo. Mnaona hilo boksi lenye viboksi 36? Hiyo ndo taunship, yaani kipande cha ardhi cha kupimia, maili 6 kwa 6, kila kiboksi maili 1 ya mraba, yaani eka 640. Sheria ya ardhi ya 1785 ndo iliyoleta huo mpango, wapima ardhi wakaingia Ohio na cheni zao, cheni moja futi 66, zikifika 80 maili imetimia, na kiboksi namba 16, hicho hapo karibu na katikati, kikatengwa kwa ajili ya shule. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe, Wahindi Wekundu, wakaja kunyang'anywa, na hilo tusilipite juu juu.

Sasa wengi huchanganya hapa. Namba 16 si lazima shule ijengwe pale, ilikuwa ya kukodishwa au kuuzwa ili hela isaidie shule. Wilaya ya shule, yaani eneo lenye shule yake na kodi yake ya kuiendesha, ilikuwa ndogo zaidi, na kilichopanga ukubwa wake ni miguu ya mtoto. Kule jimbo la Iowa kwa mfano, mara nyingi taunship moja walikata vipande 9 vya maili 2 kwa 2, shule ya chumba kimoja katikati, basi hata mtoto wa kwenye kona kabisa anatembea kama maili 2 tu kwa kufuata barabara, theluji iwepo isiwepo.

Lakini mpaka ule ule ndo uliopanga kodi! Kila wilaya inakaa mkutano wake wa mwaka, wanapiga kura tutozane kiasi gani, mwalimu alipwe nini, kuni nani alete. Mkulima wa mpakani anaandika ombi, nihamishieni shamba langu wilaya ya pili, wanangu wanavuka mto, na mwingine hana mto wowote anakimbia kodi tu. Halafu reli ikipita kwenu kampuni inalipa kodi kwenu, jirani zenu hawaambulii kitu, watoto wao wanasoma miezi michache. Hili linaniuma kweli, maana mtoto hakuchagua upande wa mstari.

Horace Mann, mtetezi wa shule za umma kule Massachusetts, alilipigia kelele mapema, jimbo lake likafuta wilaya hizo ndogo 1882. Kwingine ziliendelea, mwaka 1932 nchi nzima ilikuwa bado na wilaya zaidi ya 127,000, leo zimebaki kama 13,000.