Ruzuku Ikikatika, Nani Aongezewe Ushuru?

Wazee wetu, akina mama wa sokoni, waheshimiwa madiwani, vijana wa bodaboda, hamjambo. Asanteni kwa kufika.

Arua yetu ilifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Masaka na Mbale. Mipaka ilipanuka, vijiji vya Ayivu vikaingia jijini, na watu wa huko wakaanza kudai lami na taa kama wenzao wa katikati. Wana haki. Lakini sehemu kubwa ya fedha za baraza hutoka Kampala kama ruzuku, na nyingi huja zikiwa zimeshapangiwa kazi: mishahara ya walimu, dawa, shule. Meya hawezi kuzigeuza zikazibe shimo la barabara.

Barabara bora tulizonazo zilijengwa kwa mradi wa miji uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mnamo Agosti 2023 benki hiyo ilitangaza kwamba haitatoa fedha mpya kwa Uganda, na ikalegeza uamuzi huo Juni 2025. Karibu miaka miwili! Jiji changa lina mpango gani wa kuvuka kipindi kama hicho?

Baraza haliwezi kujitungia kodi. Katiba, ibara ya 152, inakataza kodi yoyote isiyo na idhini ya sheria ya Bunge. Kodi ya kichwa, iliyokuwa tegemeo la serikali za mitaa, ilisimamishwa mwaka 2005. Wengi tulishangilia, maana watu walikuwa wakifukuzwa na kufungwa kwa ajili yake. Mwaka 2008 zikaja kodi ya huduma na kodi ya hoteli, lakini hazikuziba pengo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwenye mshahara unaozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi hulipa kodi ya huduma ya shilingi 100,000 kwa mwaka, na hapo ndipo mwisho, hata akipokea milioni kumi. Tuseme mama muuza nyanya anatozwa shilingi 500 kila siku ya soko, siku 300. Hizo ni shilingi 150,000. Amempita bosi! Na ruzuku ikipungua, mkusanya ushuru humwendea nani kwanza? Yule aliyeketi chini mbele ya macho yake. Jambo hilo linaniuma, na nalisema mbele ya madiwani wenyewe.

Fedha ziko kwenye majengo. Sheria ya mwaka 2005 inaruhusu baraza kumtoza mwenye jengo kodi ya hadi asilimia 12 ya thamani ya pango iliyokadiriwa na mthamini. Nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba imesamehewa, kwa hiyo bibi yako wa Ayivu asitishwe na mtu. Inayolengwa ni maduka ya kupangisha, maghala, hoteli, nyumba za wapangaji. Jengo likikadiriwa shilingi 20,000,000 kwa mwaka, na baraza likatoza asilimia 6 tu, ni shilingi 1,200,000. Huyo mmoja ni sawa na akina mama wanane wa nyanya.

Kwa nini hazikusanywi inavyostahili? Uthamini ni ghali, orodha ya majengo yaliyothaminiwa huchakaa, na wenye majengo ni watu wazito, wengine wana jamaa barazani. Wapo pia wanaokataa kulipa kwa sababu takataka hazizolewi mbele ya milango yao. Hao nawaelewa, na dawa yao ni baraza kubandika ukutani kila robo mwaka: tumekusanya hiki, tumetumia hapa.

Madiwani nao wana sababu ya kulishughulikia. Sheria inaweka posho zao ndani ya asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Mapato yakianguka, hata vikao vinakuwa shida.

Kwa hiyo kabla bajeti ya Julai haijapitishwa, mwulizeni diwani wenu: orodha ya majengo ilifanywa mwaka gani, yaliyomo ni mangapi, na mangapi yamelipa? Akijibu hayo matatu, ndipo azungumzie kupandisha ushuru wa soko.