Anayebaki na Picha: Mhadhara kwa Wachoraji wa Kisumu

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliotoka Kibuye na Dunga rangi zikiwa bado kwenye kucha, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze kwa nini mchoraji huvuma akishakufa. Jibu la haraka ni kwamba dunia haimjali aliye hai. Mimi silikubali. Wachoraji wanaokufa ni wengi, na wengi wao husahaulika matanga hayajaisha. Anayevuma ni yule aliyeacha mtu wa kumhangaikia.

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alifariki Ufaransa Julai 1890, akiwa na miaka 37. Ndugu yake Theo, muuza picha aliyekuwa akimlisha na kumnunulia rangi, akamfuata Januari 1891. Akabaki mjane wa Theo, Johanna, umri miaka 28, mtoto hajatimiza mwaka, na picha tele ambazo soko halikuzitaka. Ingekuwa huku kwetu, mashemeji wangeshafika na mkokoteni! (Kicheko.)

Johanna akarudi kwao Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni pale Bussum, picha akazitundika ukutani. Huku anahudumia wageni, huku anapanga barua alizoandikiwa Theo na kaka yake, zaidi ya 600. Mauzo aliyaandika daftarini. Picha aliziuza chache chache, nyingine akaziazimisha kwa maonyesho, zile bora akazishikilia. Mwaka 1905 akaandaa maonyesho katika jumba la Stedelijk, Amsterdam, kazi zaidi ya 480. Barua zikachapishwa 1914, watu wakapata kisa cha kwenda na picha. Tusidanganyane, mnunuzi hununua na kisa. London walipoitaka picha ya alizeti, kwanza alikataa; akakubali 1924, mwaka mmoja kabla hajafa. Mwaka 1990 picha aliyoichora Vincent ya Daktari Gachet, tabibu wake, iliuzwa dola milioni 82.5.

Kifo chenyewe huzuia tu kazi mpya zisiongezeke. Pasipo wanunuzi, uchache huo haumsaidii mtu.

Hapo jirani, Edward Saidi Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Alikuwa amechora miaka michache tu, kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya dari. Jamaa na wanafunzi wake waliendeleza, hata jina lake likawa jina la mtindo mzima. Lakini siku hizi kutofautisha kazi ya mkono wake na ya waigaji ni shughuli.

Basi ukifika nyumbani, geuza kila picha, uandike nyuma jina lako, mwaka na mahali. Ukiuza, ipige picha kwanza, na mnunuzi umwandike daftarini. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda kazi yako miaka 50 baada ya kifo chako, kwa hiyo mweleze mwenzio au dada yako sasa, maana wao ndio watakaodai.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, mkono wako naona uko juu kitambo.